Jina la Babu wa Bwana Pamba

Masasi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, wewe na wote waliokuzunguka kaka anapokusomea. Mimi ni mzima. Magoti yako yanaendeleaje, na ni nani anayekushukia bondeni kuteka maji? Shule yetu imeezekwa upya baada ya vita, na uji haukosekani.

Najua mjomba hataki nibatizwe. Anasema jina jipya litanipoteza, wahenga wasinijue. Sibishani naye. Nataka kuwaeleza tu niliyoyaona kwa Bwana Pamba, mlowezi Mdachi ambaye mkewe, tunayemwita Bibi, hutufundisha kushona.

Jumamosi Bibi alimwita mumewe, "Hansi!" Akatuambia ndilo jina lake la utotoni. Nilidondosha sindano, nikakimbilia nje.

"Una nini, Somoe?"

"Bibi, kwetu mtu aliyetoka jandoni haitwi jina la utotoni. Ni matusi!"

Akacheka mpaka akashika tumbo lake la mimba. "Basi namtukana kila asubuhi!"

Ndipo akatueleza. Babu wa Bwana alihamia Udachi kutoka nchi nyingine, akabadili jina apate kazi ya uhunzi. Baba yake Bwana naye akalifupisha alipohama mji. Huku kwetu watu wakampa Bwana jina la Pamba, kwa shamba lake. Bibi analitafuta lile la kwanza ampe mtoto, lakini babu hakulitaja kamwe. Ameuliza wazee wote wa kwao, wala haoni haya kusema walikuwa maskini wa kuhamahama. Nilimstahi sana.

Bwana alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwuliza, "Mkewe babu alipokasirika, alimwitaje?" Maana kwetu hasira ndiyo hufukua jina la zamani.

Akapiga paja. "Kovali! Babu akirudi amelewa, mkewe alifoka: Kovali, leo utalala nje!"

Bibi alicheka huku machozi yakimtoka, jina la mtoto limepatikana.

Mama, majina yote hayo, na ukoo ni ule ule. Lililopotea ni lile lisilotajwa. Mimi nikibatizwa, nikija likizo nitaitika Somoe, na watoto wangu nitawatajia wewe, na bibi, na mama yake bibi.

Mwambie mjomba akiwa ameshiba. Akikubali, atume neno kwa mwalimu. Akikataa, nitaendelea kukaa nyuma kanisani na wasiobatizwa, wala sitamnunia.

Nisalimie shangazi mfinyanzi, dada na kichanga chake, na somo yangu aliyenifunda, mwambie sijasahau.

Mwanao akupendaye,
Somoe

Jina la pili sijalichagua. Namngoja mjomba.