Elifuraha Mbele ya Mkwewe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mjomba anayekusomea asome polepole, na ukitaka kulia akungoje. Miguu inaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Ile habari kwamba mdogo wangu Ramadhani alikufa amelewa, itupe, Mama. Ni uongo wa nyapara wetu. Mzungu wa serikali alipokuja hapa shambani Akheri kuchunguza kifo, nyapara alimwambia eti Ramadhani alikunywa mbege, akayumba, mkanda wa mashine ya kumenya kahawa ukamnasa. Ramadhani! Aliyesusa hata togwa likianza kuchacha!

Aliyeona ni mmoja tu, Elifuraha, kijana wa Kimeru aliyekuwa akimimina kahawa pale pale. Akaitwa ofisini, nami nimo kama ndugu wa marehemu, nyapara kasimama pembeni.

"Marehemu alikuwa amelewa?"

Kimya. Macho chini. Akaulizwa tena, akazidi kuinama. Mzungu akagonga meza: "Huyu mwongo. Hata kunitazama hawezi."

Wallahi nilichemka. Nikasema bila kuulizwa, "Bwana, si mwongo. Huyu nyapara ni mkwewe, kijana ameshapeleka mbege ya kumposa binti yake. Hapa, kama kwetu, mtu hamkanushi mkwewe usoni. Mtoe nyapara nje, kisha umwulize kijana."

Nyapara akatolewa, ananitazama kama ataniuma. Elifuraha akainua uso.

"Hakunywa. Kahawa ilikwama kwenye mashine. Mkwe akasema, 'Usizime, ingiza mkono.' Ramadhani akasema anaogopa. Akaambiwa, 'Waoga warudi kwao Singida.' Akaingiza."

Akalia. Mimi ndiyo usiseme.

Basi imeandikwa hivyo, na nyapara amefukuzwa kazi. Lakini Jumapili nilimkuta Elifuraha njiani akitoka kanisani, peke yake. Posa imekataliwa, na yule binti ameshaahidiwa mtu wa Ngaramtoni. Nikaanza kumpa pole. Akanikatiza, "Kaka, usinipe pole. Mwandikie mama yako kwamba mwanawe hakulewa."

Nimekuandikia, Mama.

Nisalimie baba mdogo na kifua chake, shangazi aliyemlea marehemu, na dada yangu; mwambie mwanawe asije huku kutafuta kibarua.

Na mkimsomea Ramadhani dua, mtaje na Elifuraha. Ni Mkristo, lakini mtaje.

Mwanao uliyebaki naye,
Omari