Kichwa Cheusi cha Uzeeni

Dada Chiu-mei,

Shikamoo, dada yangu. Magoti yako yanasemaje huko Chiayi? Mimi mwili haujambo; vijino vilivyobaki bado vinapigana na wali. Moyo ndio hautulii.

Mjukuu wetu Pin-yu tumemrudisha nyumbani. Hospitali wamesema dawa za kupambana na ugonjwa zimefika mwisho, zilizobaki ni za kumtuliza. Nesi Shu-fen huja kila asubuhi na matone ya maumivu. Mama yake aliyaogopa, akidhani yatamharakisha mtoto. Nesi akamweleza taratibu kwamba hayaui, yanampumzisha tu. Kweli, sasa halii. Ila akikawia kuvuta pumzi, nyumba nzima inabana yake.

Mwanangu Chih-hung alitukataza kumwambia ukweli. Juzi mtoto mwenyewe akaniuliza kama atakufa. Nilitafuta mzaha, nikauacha. Nikamwambia ndiyo. Akasema alishajua, ila nisimwambie baba yake, asije akalia. Kisha akaomba siku hiyo ikifika nimshike mkono.

Hapo ndipo tulipokwama. Unajua kwetu mvi hazisindikizi nywele nyeusi; mzee hakai chumbani mtoto anapokata roho. Mkwe wangu, mama yake Pin-yu, ameshaniombea kitanda kwa jirani, siku ikifika nitolewe, nisimwongezee mtoto mzigo wa safari. Nilipomweleza Pin-yu, alicheka mpaka akakohoa, akajipapasa kipara alichoachiwa na madawa.

"Babu, mimi nywele sina. Kazi imebaki kwako."

Sasa nikuungamie, na usinifokee: jana nimekwenda kwa kinyozi nikapakwa rangi, kichwa kikawa cheusi tii kama kiatu cha askari. Majirani wanauliza bibi harusi ni nani. Mkwe wangu alifungua mdomo anigombeze, akanitazama kichwani, akakaa kitako sakafuni akalia. Alipojifuta akasema hathubutu kuvunja mila peke yake. Atafuata neno lako, maana wewe ndiye mkubwa wetu uliyebaki.

Basi ukisema nitoke, nitatoka. Lakini usilisemee huko mbali. Panda treni ya kesho, ingia chumbani, umtazame mtoto anavyonishika kidole, ndipo useme.

Wasalimie wote hapo kwako, hata yule paka mwizi.

Ni mimi mdogo wako mtukutu,
Chin-fa

Rangi imebaki nusu kopo. Nimekuwekea.