Saa Uliyomtumia Kaka Loth

S.L.P. 41,
Same.
14 Septemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Elirehema,

Bwana asifiwe. Mnaendeleaje huko Tunduma, wewe na wifi Blandina na watoto? Kile kifua cha wifi kimetulia? Mimi magoti yananisumbua nikishuka mlima, lakini Mungu ananiamsha kila siku, namshukuru.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nitalia tu, na vocha itaisha sijafika popote.

Ile saa uliyomtumia kaka Loth kwa ajili ya presha yake ilimpendeza mno. Kila jioni alituonyesha kalori alizounguza. Basi siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ya kuzibua bwawa letu la ndiva, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti wa maji, akaamua saa ndiyo ipime kazi. Wanaume wakaivaa kwa zamu. Na unajua, asiyefanya kazi hapewi maji.

Mmoja wao, Rodgers, alikoroga tope huku akipiga soga na kurusha mikono, akapata namba kubwa. Jirani yetu Sifael alibeba mawe ya ukuta ameyakumbatia kifuani, jasho mpaka kaptula imelowa. Saa ikampa kidogo tu. Loth akatangaza mbele ya wote kwamba Sifael ni mvivu, na zamu yake ya maji ya Jumamosi imefutwa.

Sifael akacheka. "Mwenyekiti, hebu livishe jiwe hiyo saa, labda lilijibeba lenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Loth hakuvumilia. Akamtandika usoni kwa mpini wa sepetu. Mimi nilikuwa pembeni nageuza makande ya wafanyakazi, nikadhani mtu amevunja kuni, kumbe ni taya. Asheri, mwana wa Sifael, akampiga Loth gotini kwa jiwe, akampiga tena akiwa chini. Mdogo wangu, watu tunaokaa nao benchi moja kanisani walikanyagana kwenye makande ya moto wakiumana kwa meno. Niliita jina la Yesu mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyesikia.

Loth na Sifael wamelazwa wodi moja hapo Same, vitanda vinatazamana. Sifael kinywa kimefungwa kwa nyaya, anakunywa uji kwa mrija. Loth hata hapo kaivaa saa, akagoma kula, eti inasema leo hajaunguza kitu. Nesi, aliyekwishasikia kisa chote, akamkemea.

"Baba, hiyo inakisia kwa mwendo wa mkono tu. Chakula chako kingi kinaliwa na moyo, ini na ubongo, hata ukilala kama gogo. Na sasa kuna kidonda cha kulisha. Hata mtu abebe jiwe kalikumbatia, mkono hautikisiki, saa haimwoni."

Loth akamtazama Sifael, akaivua saa akanitupia, kisha akageukia ukuta. Lakini zamu hakuirudisha. Nimembembeleza, anasema neno lake halitanguki. Na Asheri alishaapa: maharage ya baba yake yakikauka, atashuka Same akammalizie.

Leo ndiyo Jumamosi. Alfajiri nilipanda ndivani na jembe. Nikamkuta Asheri, panga mkononi, akadhani nimekuja kuzuia maji.

"Shangazi, rudi nyumbani nisije nikakukosea."

"Utanikata, mwanangu, ila ngoja kwanza nimfungulie baba yako maji."

Nikapiga magoti kwenye tope, nikang'oa kizibo. Maji yakashuka kwa kishindo. Asheri akainama na lile panga, akaanza kufyeka nyasi zilizoziba mfereji wa baba yake, analia kwa sauti.

Kaka atasema nimemvunjia heshima. Mpigie, Elirehema, wewe anakusikiliza. Mwambie amwombe Sifael radhi sasa hivi, wakati yeye mwenyewe bado hawezi kusimama kwa lile goti. Akishasimama, naogopa watapigana tena.

Saa yako nakurudishia ndani ya bahasha hii. Mkanda nimeusugua kwa sabuni, damu haikutoka.

Msalimie sana Blandina, na mzee Anderson wa kanisani kwenu aniombee. Mungu aifunike nyumba yako, asiinuke mtu yeyote ndani yake kumpiga mwenzake.

Wako akupendaye,
dada yako,
Irine