Filta ya Kumi na Mbili Shaaban

Kikwajuni,
Zanzibar.
Jumanne, 12 Agosti 2025

Mpendwa kaka yangu Badar,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute mzima, na lile goti lako liwe limeacha visa vyake. Wifi yangu Basma hajambo? Watoto je? Na joto la Muscat mwaka huu mnalistahamili vipi? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Shemeji yako Darwesh sukari yake imeshuka. Yeye anasema ni dawa mpya. Mimi najua ni kwa sababu nimeuhamisha mkebe wa halua.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono kutoka kwangu, mtu ambaye hata salamu za Idd anakutumia kwa sauti kwenye simu. Lakini jambo hili nililiharibu kwa sauti, na sitaki kulitengeneza kwa njia ile ile. Jirani yetu Hija anasafiri kuja huko Alhamisi, atakukabidhi mwenyewe.

Ni habari ya Matar.

Siku tatu kabla ya Ramadhani nilituma sauti kwenye kundi letu la familia, nikasema kwamba Matar fundi, huyo uliyesoma naye chuo cha Kurani mkipigwa bakora moja, hanibadilishii filta ya oili ya gari yangu. Anaifuta kwa kitambaa anairejesha ile ile. Nikayasema hayo hayo barazani kwa Sajid, pale mbele ya duka lake, na watu hawapungui wanane wanakunywa kahawa. Ushahidi niliuona mkubwa. Oili ilikuwa imeshakuwa nyeusi baada ya wiki mbili tu, na filta nilipoichungulia kwa chini ilikuwa na vumbi la kulimia mchicha. Nilikuwa nimesoma mambo ya injini kwenye simu siku tatu mfululizo, na mtu aliyesoma siku tatu hakuna asilolijua. Sasa najua kwamba oili hubadilika rangi upesi kwa sababu inafanya kazi yake ya kusafisha. Hilo liko siku ya nne.

Matar mwenyewe alikuwapo. Hakuapa, hakugomba. Alimaliza kikombe chake akasema, "Sawa, Bi Thuwaiba. Siku utakayoifungua utaiona." Nikalichukua jibu lile kuwa kiburi.

Yaliyofuata unayajua, mengine umeniambia wewe. Sajid alihamisha gari yake ya mizigo kwa fundi mwengine. Wengine wakamfuata. Na huyo rafiki yako Nadir wa hapo Muscat, aliyekuwa tayari kumpa Matar gari zake sita za kuchukulia watalii huku kwetu pwani ya Kendwa azitunze, alifikiwa na sauti yangu akasita. Wakati ule nilijiona nimekuokoeni.

Siku ya Idd Matar alikuja kutoa mkono kama kawaida yake. Nilikuwa jikoni nakoroga sufuria ambayo haina kitu ndani.

Tangu hapo, kaka, sijatulia. Nikiwasha gari nasikiliza injini badala ya kuangalia njia. Kwa fundi mwengine sikutaka kwenda, maana nikishamwita mmoja mwizi, wote wakaanza kunitia shaka. Wakati wa kubadilisha oili ukafika, ukapita, ukaniacha. Jumamosi iliyopita nikasema basi, nnaifungua mwenyewe.

Darwesh aliniuliza kama nna akili sawa, kisha akasogeza kiti dirishani apate kuona vizuri. Nilivaa suruali yake ya zamani ndani ya baibui. Nikawasha injini dakika tano oili ipate moto kidogo iteremke vizuri, nikazima, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikapandisha kwa jeki. Sajid akaniazima stendi mbili za chuma za kushikilia gari kwa chini, maana yeye haiamini jeki, wala hamwamini mtu. Beseni nililotumia ni lile la kuoshea mchele aliloniletea Basma. Usimwambie.

Kulegeza ile nati ya chini ya kutolea oili kulichukua muda, na Sajid akiwa kitini mbele ya duka lake, hatua chache tu, ananisomesha. "Kushoto, Bi Thuwaiba." Nikamuuliza kushoto kwangu au kwake. Akafikiri, akasema, "Kushoto kwa nati." Ilipoachia, oili ikatoka kwa pupa kama wageni waliosikia biriani imepakuliwa, ikanishika mpaka kwenye kiwiko.

Filta ilikuwa imegoma. Niliizungushia kipande cha msasa ndipo ikakubali. Niliipania sana filta ile, kaka. Nia yangu ilikuwa kuipeleka barazani kwa Sajid, niiweke kati, watu waione ilivyochakaa. Nikaanza kuifuta vumbi niwe na ushahidi safi. Upande ulioelekea injini, ambao huwezi kuuona mpaka uifungue, yakatokea maandishi ya rangi nyeupe, mwandiko wa Matar, ule wa herufi zilizolala kama zina homa: *Bi Thuwaiba. 12 Shaaban.*

Ndiyo siku niliyompelekea gari, wiki mbili kabla ya ile sauti yangu. Naikumbuka vizuri kwa kuwa nilitoka kwake nikaenda kununua tende za Ramadhani.

Nililala pale chini nisitoke. Sajid akadhani nimebanwa, akaanza kuita watu. Nikamwonyesha. Aliisoma mara mbili, akasema Matar huandika hivyo kwenye kila filta mpya anayofunga, kwa sababu wateja husahau tarehe zao. Alikuwa akilijua hilo miaka yote na wala halikumjia siku ile aliponisikia.

Nikafunga filta mpya, nikatia oili, nikawasha. Mara oili inatiririka chini. Kumbe raba ya filta ya zamani imebaki imeng'ang'ania kwenye injini, na mpya nimeikalisha juu yake. Darwesh akanena kutoka dirishani, neno lake la kwanza tangu akae pale: "Mwite Matar. Atakuja tu."

Angekuja kweli. Na wewe unajua sisi tunavyosuluhishana. Hatuombani radhi. Unamwita uliyemkosea akusaidie kitu, anakuja, unammiminia kahawa, yamekwisha. Nakiri njia hiyo ilinivutia. Simu nilishaitoa, nikaipaka oili yote. Lakini kwa njia hiyo yangekwisha nyumbani kwangu tu. Gari ya Sajid ingebaki huko iliko, na gari sita za Nadir vile vile. Nikairejesha simu mfukoni, nikafungua filta, nikabandua raba ile kwa kucha, nikafunga upya na kujaza oili iliyopungua. Pakakauka.

Baada ya Alasiri nikaenda barazani na filta ya zamani mkononi. Watu walikuwa karibu wale wale. Nikamwomba Sajid ampigie Matar aje. Alipofika nikaiweka filta kwenye benchi, maandishi juu, nikasema, "Mbele yenu nilisema Matar habadilishi filta. Nilimsingizia. Matar, nakuomba radhi hapa hapa nilipokukosea."

Matar aliichukua akaigeuza geuza kama anayechagua parachichi. Akasema, "Miezi sita. Umechelewa kubadilisha, Bi Thuwaiba." Kisha akaniuliza, "Raba ya zamani uliitoa?"

Nikamwambia niliitoa. Hakuuliza mara ya ngapi.

Jana Sajid amerejesha gari yake kwake. Wengine bado wanafikiri. Kila asubuhi napita karakana ya Matar kwa kisingizio cha mkate, nahesabu gari zilizoegeshwa nje. Zamani zilikuwa tano. Leo mbili, na moja ni ya kwake. Mkate umetujaa ndani mpaka Darwesh ameanza kuuliza.

Kwa hiyo nakuomba, kaka. Ile sauti yangu siwezi tena kuifuta, nimejaribu. Walioisikia wote wasomee barua hii, na kwa Nadir nenda kwa miguu yako, usimpigie simu. Kama gari zake ameshampa mtu mwengine, niambie wazi, usinitilie sukari. Nitamwambia Matar mwenyewe.

Nisalimie Basma, na Bi Rahila mkweo, na watoto mmoja mmoja kwa jina lake. Mwenyezi Mungu akuponyeshe goti lako na atukutanishe salama.

Mdogo wako akupendaye, na safari hii kwa maandishi,
Thuwaiba

Filta yenyewe nimekuletea pamoja na barua. Nimeimwaga, nimeikausha juani siku tatu, nimeifunga mifuko mitatu. Hija alikataa kuibeba mpaka nilipomwongezea mkebe wa halua, ule wa Darwesh. Nadir mwonyeshe upande wenye maandishi.