Jiko la Baba Uliloliandikisha kwa Jina Lako

Mpendwa baba mdogo,

Shikamoo. Naanza hivyo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na wewe ni mmoja wa walionilea.

Barua nilizokufungia kwa gundi hukuzijibu. Hii naituma wazi. Kondakta wa basi la Mwanza ataisoma, utingo wake ataisoma, na vijana wa karakana yako watasomeana kabla haijafika mezani kwako. Baba hajui kwamba sikuitia gundi. Unajua nilivyo na haya: hata darasani jibu ninalijua na bado nanyamaza. Basi pima mwenyewe nimefikishwa wapi.

Unazikumbuka zile siku za foleni? Mafuta ya taa hayapatikani, sabuni hakuna, mkaa haushikiki. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, kazi huna, unakaa kwetu hapa Bunda. Mimi nina jina la mama yenu, kwa hiyo uliniita "mama", ukanisomea vipande vya magazeti yaliyofungiwa nyama. Herufi nilizijua kwako kabla sijazijua shuleni.

Baba, fundi bati, aliona maganda ya mbegu za pamba yanatupwa nyuma ya kiwanda, akasema haya nayo ni kuni. Siku ya kwanza mama alitoka jikoni macho yamemvimba kwa moshi. "Baba Nyangeta, unataka kunibanika kama samaki?" Baba akakata pipa, akaweka bomba katikati, akalitoboa matundu. Likazimika. Akatoboa jingine. Wewe umekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, unacheka: "Kaka, hilo ni jiko au filimbi?" Lakini ulikuwa ukimshikia bati akate, na mikono yenu ilikuwa na majeraha yanayofanana.

Mchana ule moto uliposimama wima bila moshi, ulinirusha juu ukanidaka. Sikuwahi kuwa juu vile tena.

Kwetu, fundi akibuni kitu kipya, cha kwanza hakiuzwi. Humpa mtu anayempenda, mbele ya mashahidi, akatamka: "Nimekupa pamoja na ujuzi wake, mimi sina tena." Kesho yake huendelea kutengeneza vingine, na hakuna anayemshangaa. Wazee wanasema ni namna ya kuufukuza uchoyo mkononi. Jiko lile la kwanza baba alikupa wewe, siku ya harusi yako. Ulipiga magoti ukalipokea. Mimi nilipiga vigelegele kuliko mashangazi wote.

Ukahamia Mwanza. Biashara ikawa ruksa, ukapata mashine ya kuchomelea, na majiko yako yakaanza kuja huku kwa malori, yamepakwa rangi ya kijani. Tulifurahi, baba mdogo. Baba alilipanga lako mbele ya yake barazani, akawaambia wateja, "La mdogo wangu hilo. Amefika mbali."

Kisha tukaitwa Musoma, kwa wakili wako.

Ulivaa suti. Mama hukumsalimia. Wakili akasema unayo hataza. Neno hilo nilikuwa nimelitafuta kwenye kamusi ya maktaba ya shule: ni cheti cha serikali kwamba kitu fulani umekibuni wewe, na mwingine asikitengeneze bila idhini yako. Baba alicheka, maskini. "Jiko si langu? Yeye mwenyewe analijua."

Ndipo akaingizwa Mzee Magesa, aliyesimamia harusi yako. Ulimtoa Butiama kwa gari lako, ukamnywesha soda njiani. Wakili alimwuliza kama baba aliyatamka maneno yale.

"Aliyatamka. Ila yale ni ya desturi, mwanangu. Tunasemaga tu ili—"

"Ndiyo au hapana, mzee?"

"Ndiyo."

Akageukiwa baba. Nilimwomba Mungu amfanye mwongo kwa dakika moja tu.

"Niliyasema," baba alisema.

Wewe ulifungua mdomo mara moja tu. "Kaka, kilichotolewa hakirudi. Si ndivyo tunavyofundishanaga?" Halafu ukanitazama ukitabasamu. "Au siyo, mama? Wewe ndiye msomi wetu."

Nilinyamaza. Na wewe ulijua nitanyamaza, ndiyo maana ukaniuliza mimi.

Baba alitia sahihi kwamba hatalitengeneza tena jiko lile, wala kulikarabati. Anatii. Wanawake wanakuja na majiko aliyowauzia yeye mwenyewe, chini yametoboka, na anawarudisha nayo. Sokoni wanamtania: "Fundi, eti mkono wako una mwenyewe Mwanza?" Zamani angeziba ndoo na masufuria, lakini sasa zimekuja ndoo za plastiki, na ya plastiki ikipasuka inatupwa. Anashinda barazani akinoa mkasi wa bati usiokata kitu. Mama ameanza kuuza dagaa. Hamsemeshi baba sana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba anakutetea. Mama akikulaani, anamnyamazisha. "Amesahau tu. Mjini kunasahaulisha. Atakumbuka."

Juzi alinikuta nasoma, akakaa karibu yangu kama anayetaka kuazima kitu. Akaniambia nikuandikie hivi: "Mwambie mdogo wangu naomba kibarua kwake. Bati bado nalikunja vizuri. Asiogope, mbele ya vijana wake sitasema kwamba lilikuwa langu. Nitamwita bosi kama wanavyomwita wao."

Hayo ni yake, kama alivyoyatamka, akiangalia chini.

Nilitaka kukuandikia kwamba amefariki. Nilitaka usome hivyo, usimame mbele ya vijana wako, usijue uweke wapi mikono. Baadaye nikafikiria kukuandikia kwamba anakulaani kila asubuhi. Mwisho nikataka tu kuliacha ombi lake nje, nimwambie hukujibu, naye angeniamini, maana anaamini kila anachoambiwa na mtu wa damu yake.

Nikaona kwamba hapo nitakuwa nimefanana nawe. Kwa hiyo nimeliandika lote, na nasubiri jibu lako kwa niaba yake. Kwa upande wangu naomba ukatae, ili siku moja akuone ulivyo.

Ubaki salama kadiri utakavyoweza.

Mtoto wa kaka yako