Nilikufuata Hadi Portomarín

Sarria, 3 Mei 1999

Mwanangu Padri Leandro,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima? Kile kikohozi cha Kwaresima kimekwisha? Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yana maneno yao.

Jumamosi parokia yetu inatembea njia ya hija ya Mtakatifu Yakobo, kutoka hapa mpaka Portomarín. Ni Mwaka Mtakatifu, na Paroko katusimanga kwamba watu wanatoka Ujerumani kwa miguu, sisi njia inapita mlangoni tumekaa tu. Jirani yangu Dosinda ananicheka: "Herminda, wewe tutakurudisha kwa toroli!" Mwache aseme. Natembea kumshukuru Mungu kwa miaka kumi ya upadri wako. Tangu baba yako afariki, sina kingine cha kujivunia.

Niombee mvua isinyeshe.

Mama yako


Sarria, 9 Mei 1999

Leandro,

Salamu zimenikwama. Utanisamehe mwandiko.

Nimekuona.

Jana asubuhi, tulipopita Barbadelo, nilibaki nyuma kukaza kamba za viatu, ukanipita. Mwanangu niliyemzaa, umevaa kaptula ya bluu, bila kola ya upadri, umemshika mwanamke mkono. Nilikuwa nimeinama, kofia ya koti la mvua imenifunika uso. Nilitaka kukuita, nikaivuta kofia chini zaidi. Nikawafuata.

Siku nzima, Leandro. Nilimdanganya Dosinda kwamba tumbo linanisokota, atangulie. Mkisimama nami nasimama, nyuma ya ukuta wa mawe, nyuma ya ng'ombe wa watu. Mzigo wake umeubeba wewe pamoja na wako, yeye anatembea mikono mitupu kama malkia. Na haraka gani ile? Kila kundi la mbele mnalikimbilia, mnawachungulia watu nyuso. Nikajiambia labda ni muumini wako, kafiwa, unamfariji. Mama hakosi la kujidanganyia.

Halafu pale Ferreiros, kwenye bomba la maji, akakuita "Lele". Lele! Padri aliyebatiza nusu ya mji! Ukageuka, ukambusu. Si shavuni.

Nilikaa chini kwenye tope. Mahujaji wawili wa Kifaransa wakaniinua na kunipa chokoleti, wakidhani ni njaa.

Kwenye daraja la Portomarín mlisimama katikati, mkawa mnatazama mbele. Mimi nilikuwa mwanzoni mwa daraja. Nikasema moyoni: akigeuka tu, namkimbilia. Hukugeuka.

Nimerudi kwa basi. Niambie nilichokiona si kweli.

Mama yako


Vilarmeán, 14 Mei 1999

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba uniitikie hiyo, hata kama hutaki kunijibu kingine. Barua zako mbili nimezikuta pamoja jana niliporudi.

Ni kweli.

Anaitwa Sabela, anauza samaki mnadani, bandarini. Mwaka jana niliomba Roma waniruhusu kuacha upadri, jibu bado. Tangu Kwaresima sisomi Misa. Kikohozi kilikuwa uongo.

Jumamosi tulikuja kwako, Mama. Tuligonga asubuhi ile, tukwambie ana kwa ana, usisikie kwa watu. Muuza mkate akasema umetoka sasa hivi na wanaparokia. Sabela akasema, "Tumfuate, hajafika mbali." Ndiyo haraka uliyoiona. Kila mama mwenye nywele nyeupe aliyekuwa mbele nilimkimbilia nikidhani ni wewe. Pale darajani nilikuwa nakutafuta ng'ambo. Kumbe uko nyuma yangu.

Mzigo nilimbebea kwa sababu ana mimba ya miezi minne.

Nitukane, Mama. Usinyamaze tu.

Mwanao


Sarria, 29 Agosti 1999

Mwanangu,

Milele na milele, amina.

Barua zako tatu za tangu Juni nilizipata, hata ile ya habari za harusi. Sikuwa nakuadhibu. Nilikuwa nakaa mezani, naandika "Mwanangu Padri", nachana. Bado nimepigwa na butwaa, nisikufiche. Nikikoroga supu nashtuka kama niliyemwagiwa maji.

Leo baada ya Misa Dosinda kanishika mkono mbele ya watu. "Padri wako mbona haonekani? Au anasubiri uaskofu kwanza?" Wakacheka. Nikasikia mdomo wangu unasema, tena kwa sauti: "Leandro si padri tena. Anaoa. Napata mjukuu Oktoba. Nani ana swali?"

Paroko mwenyewe alikuwa mlangoni anaaga watu, mkono ukabaki hewani. Na mimi nilishtuka kuliko wote. Dosinda, bado kanishika mkono, akauliza: "Mkwe wako mtu wa wapi?"

"Sijui," nikasema. "Sijawahi hata kuongea naye."

Hilo ndilo lililoniliza, pale pale, uwanja mzima unanitazama. Dosinda akanipa leso yake, akaniambia nisimalize kilio chote leo, nibakize cha harusini.

Nakuja Alhamisi kwa basi la mchana. Wewe usije kituoni. Sijui bado nitakutazama vipi. Aje Sabela, peke yake. Sijui nitamwambia nini. Nitaanza kwa kumuuliza kama amekula.

Mama yako,
Herminda