Barua Mbili kwa Mtu wa Pampu

Goweko, 3 Agosti 1974

Mwanangu Imakulata,

Sisi hapa hatujambo, ila mguu wa bibi yako bado unamsumbua. Wewe na masomo huko Tabora mko salama?

Pampu ya kijiji chetu cha ujamaa imekufa tangu Julai. Vitalu vya tumbaku vinakauka, na miche ikifa, mwaka huu hatuna zao. Mtaalamu wa maji aliyeko Tabora ni mgeni, hasomi Kiswahili. Kikao kimekuchagua wewe. Ya kumwambia yako nyuma ya karatasi hii na nyingine niliyoiambatisha. Yatie katika Kiingereza, usiruke neno.

Ni mimi baba yako,
Mayala

Tabora, 24 Agosti 1974

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Bibi namwombea kila siku.

Barua niliipeleka mwenyewe ofisini, sasa wiki mbili, na jibu hakuna. Naomba usikasirike nikisema ninavyofikiri. Mlisalimia kurasa mbili: mguu wa bibi, mapacha wa mwenyekiti Masele, mvua za mwaka jana. Pampu ilikuja mstari wa mwisho, na hamkuomba chochote.

Mwalimu Bertila ametufundisha aina nne za sentensi za Kiingereza: ya taarifa, ya kuuliza, ya kuamuru na ya mshangao. Niruhusuni niandike barua nyingine. Taarifa mbili na swali moja, basi.

Mwanao,
Imakulata

Goweko, 30 Agosti 1974

Marahaba, mwanangu.

Tunaendelea, ndoo kichwani. Kikao kilibishana sana. Mzee Ngollo alisema kumwendea mtu na shida bila kumjulia hali ni tabia ya watoza kodi wa mkoloni. Masele akamjibu, "Basi kamwagilie vitalu kwa salamu." Watu wakacheka, wakakubali.

Andika. Lakini usimwamuru.

Baba yako

Tabora, 6 Septemba 1974

Shikamoo baba. Nawasalimu wote, na mzee Ngollo zaidi.

Nimeandika hivi: Pampu yetu haifanyi kazi tangu tarehe nane Julai. Miche ya kaya sitini itakufa kabla mwezi huu haujaisha. Utakuja lini?

Mwalimu Bertila aliisoma mara mbili, akanirudishia bila kugusa hata nukta. Mtaalamu aliipokea mwenyewe, akaisoma amesimama. Kisha akavuta mtoto wa meza, akaanza kutafuta kitu. Sikujua nini. Niliaga, nikaondoka.

Mwanao

Goweko, 15 Septemba 1974

Mwanangu, hujambo?

Alikuja Alhamisi na gari na vifaa. Jioni maji yalitoka.

Alikuwa ameshika barua zako zote mbili. Alisema ya kwanza aliipenda akaitunza, ila hakujua inaomba nini. Na kabla hajagusa pampu aliuliza, kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Mguu wa bibi unaendeleaje?"

Ngollo alinitazama mpaka nikainamisha macho. Hadi leo hajanyamaza.

Mkutanoni Masele alilitaja jina lako mara tatu. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, na sikuinamisha macho hata kidogo.

Bibi yako anataka umwandikie yule mgeni kwamba mguu ni afadhali. Nimemweleza zile aina nne, akasema yake ni ya taarifa.

Anza na salamu.

Baba yako,
Mayala